Kunasa Sauti za Mwituni na za Mtaani

Lugha yetu ina maneno mengi ya sauti kuliko watu wanavyodhani. Simba hunguruma, mbwa hubweka, jogoo huwika, kuku hutetea, nyuki huvuma, chura hukoroma. Bahari ina mvumo, radi ina ngurumo, majani makavu yana mchakacho, na mguu wa mtu una kishindo. Tena wako ndege walioitwa kwa milio yao wenyewe, kama tipitipi, ambaye mahali pengine huitwa dudumizi, na kama hondohondo. Na kigong'ota amepewa jina kwa kazi yake ya kugonga gogo. Wazee waliotoa majina hayo walikuwa wasikilizaji hodari. Walakini jina ni jina tu. Mtu asiyepata kumsikia dudumizi hawezi kujua kwa kulisoma jina lake kwamba mlio wake ni kama maji yamwagikayo kutoka katika chupa yenye shingo nyembamba. Hata kufika mwaka 1877 hapakuwa na njia nyingine: sauti ikiisha kutoka imekwisha, na atakaye kumpa mwenzake habari zake hana budi aiige kwa kinywa au aiandike kwa maneno.

Habari za kunasa nyimbo na maneno ya watu zimeandikwa mara nyingi. Nataka kueleza upande mwingine usiotajwa sana, yaani jinsi watu walivyotoka nje ya nyumba na mashine zao, wakanasa milio ya ndege, ya vijiji, na ya njia za miji. Habari hizi zatuhusu sisi walimu na makasisi kuliko tunavyofikiri, kwa sababu tunaishi karibu na watu, na mengi tunayoyasikia kila siku bila kuyajali hayatasikiwa na wajukuu wa wanafunzi wetu.

Neno lenyewe “kunasa” ni neno la mwindaji. Ndege hunaswa kwa ulimbo au kwa tanzi, naye akiisha kunaswa hana uhuru tena. Sauti hunaswa namna nyingine: mwenyewe huruka akaenda zake, na mlio wake hubaki mkononi mwa mwindaji. Itaonekana hapa chini ya kuwa tofauti hii si mchezo wa maneno.

Mashine ya kwanza ya Edison, iitwayo fonografu, ilitengenezwa Marekani mwaka 1877. Baada ya miaka michache ikafanyiwa silinda za nta, mfano wa kipande cha mwanzi kilicho wazi pande zote mbili. Mtu alinena au kuimba katika pembe, nguvu ya sauti yake ikatikisa kiwambo, na kiwambo kikasukuma sindano iliyochora mfuo katika nta. Hapakuwa na umeme wa kuiongezea sauti nguvu. Mtu alikuwa hana budi kusogea hata kinywa kiwe karibu na pembe, na kupaza sauti yake. Basi ni dhahiri kwamba chombo cha namna hiyo hakifai kwa ndege aliye juu ya mti. Ndege aliletwa chomboni, si chombo kwa ndege. Mwaka 1889, huko Frankfurt katika Ujerumani, mtoto mmoja jina lake Ludwig Koch, aliyezaliwa mwaka 1881, alipewa na baba yake mashine ya namna hiyo, akanasa kwayo mlio wa shama, ndege wa Bara Hindi aliyefugwa tunduni. Husemwa kwamba hiyo ndiyo sauti ya ndege ya zamani kuliko zote zilizosalia hata leo. Na mwaka 1910 Karl Reich alinasa kwa santuri za kuuzwa mlio wa naitingeli wake. Naye pia alikuwa ndege wa tundu.

Mashine hizo zilifika na kwetu mapema. Mwaka 1906 mtaalamu Karl Weule wa Leipzig alizunguka upande wa kusini wa nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akapita Masasi na Newala katika nchi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijazimika kabisa, na kituo cha misheni cha Masasi kilikuwa kimechomwa moto mwaka uliotangulia. Weule alichukua fonografu na silinda zake, akanasa nyimbo. Msomaji na ajifikirie mahali pale: wanawake wakitwanga, njiwa wakilia, watoto wakiitana, na upepo katika majani. Hayo yote yalikuwa karibu naye, lakini pembe ile ilisikia kwa shida hata mwimbaji aliyesimama mbele yake. Simlaumu Weule. Nasema tu ya kwamba chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuamua ni sauti gani zitakazohifadhiwa na zipi zitakazopotea.

Jambo hili liligeuka ilipopatikana maikrofoni, chombo kigeuzacho sauti kuwa umeme, maana umeme waweza kuongezwa nguvu na kupelekwa mbali kwa waya. Mwaka 1924, usiku wa tarehe 19 Mei, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipeleka maikrofoni bustanini kwa Beatrice Harrison karibu na Oxted katika wilaya ya Surrey. Bibi huyo alipiga selo, kinanda cha nyuzi chenye sauti nene, na naitingeli wakasikiwa wakiitikia, watu wakasikiliza majumbani mwao kwa redio. Utangazaji huo ulipendeza mno, ukarudiwa mwaka baada ya mwaka. Naitingeli, kwa wasiojua, ni mgeni wetu vilevile: baridi ya Ulaya ikianza huja Afrika, na wengine hukaa vichakani mwa nchi zetu hata wakati wa kurudi.

Yako mambo mawili juu ya bustani ile ambayo nayaona ni ya maana. La kwanza ni kwamba mwaka 2022 magazeti ya Uingereza yaliandika ya kuwa ndege wa usiku ule wa 1924 huenda hakuwa ndege, bali mtu mwenye ustadi wa kuiga, aliyewekwa akiba kama ndege wangekataa kulia. Wengine waliochunguza hawakukubali. Utangazaji ule ulipita hewani, na baada ya miaka mia kasoro mbili watu wakawa wanabishana juu ya kilichosikiwa. La pili ni la mwaka 1942, wakati wa vita. Tarehe 19 Mei maikrofoni iliwekwa tena bustanini, na ndege walipokuwa wakilia ukaja mvumo wa eropleni za vita zikienda kupiga Ujerumani. Fundi akakata utangazaji upesi, asije adui akapata habari kwamba eropleni zimo njiani. Lakini mashine ya kunasa haikusimamishwa. Mpaka leo yaweza kusikiwa naitingeli akilia, na juu yake mvumo ukizidi, ukapita, ukapungua. Waliotega walitega ndege, wakanasa na vita. Kwangu mimi hiyo ni moja katika kumbukumbu kubwa za wakati ule, na hapana aliyeikusudia.

Sasa nitakawia kidogo Marekani, maana huko ndiko kazi hii ilikopata taratibu zake. Mwaka 1929 kampuni moja ya filamu zenye sauti ilitaka picha za ndege wa porini wakilia. Ikawaendea walimu wa elimu ya ndege katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, Arthur Allen na mwenzake Peter Paul Kellogg. Tarehe 18 Mei wakatoka alfajiri pamoja na mafundi, wakanasa ndege watatu katika bustani ya mji. Sauti haikuchorwa katika nta, bali katika filamu: umeme wa maikrofoni ulitikisa mwanga, na mwanga ukaandika mistari myembamba kando ya picha. Kazi ilikuwa ghali na chombo kizito, lakini walimu hao walikwisha kuonja. Akaja kuwasaidia Albert Brand, aliyekuwa ameacha biashara yake ya hisa mjini New York ili ajifunze habari za ndege. Katika miaka ile ya mwanzo wa 1930 wakaanza kutumia sahani kubwa yenye umbo la ungo, na maikrofoni ikawekwa katikati ikielekea ndani. Sauti iliyo mbele ya ungo hukusanywa na kurudishwa mahali pamoja, kama mtu atiavyo kiganja nyuma ya sikio. Hapo ndipo ndege wa mbali alipoweza kunaswa bila kusogezwa.

Katika misitu ya kusini mwa Marekani alikuwako kigong'ota mmoja mkubwa sana, mwenye mdomo mweupe kama pembe ya ndovu. Misitu ilipokatwa alizidi kuwa haba. Mwaka 1924 Allen aliona dume na jike katika Florida. Lakini hawakukaa siku nyingi, wakauawa na watu wakusanyao ndege waliokaushwa. Mwaka 1932 mwanasheria mmoja wa Louisiana, Mason Spencer, aliwaambia wakubwa wa serikali ya jimbo lake kwamba ndege hao wangaliko. Walimcheka. Akapewa ruhusa ya kumpiga mmoja, akampiga kwa bunduki, akawapelekea. Ndivyo ushahidi ulivyokuwa siku zile: mzoga mezani.

Basi mwaka 1935 Allen na Kellogg, pamoja na mchoraji George Sutton na mwanafunzi James Tanner, walifunga safari kumwinda ndege huyo kwa kamera na maikrofoni. Katika Louisiana waliongozwa na mlinzi wa msitu, J. J. Kuhn, mwenyeji aliyezijua njia zote. Msitu wenyewe ulikuwa wa ekari zipatazo 80,000, nao uliitwa kwa jina la kampuni ya Singer, ile ile ambayo jina lake mafundi wetu wa kushona wamelisoma juu ya cherehani zao. Kampuni ilikuwa imeununua ili ipate mbao za meza za cherehani. Matope yalikuwa mengi, motokaa haikuweza kupita. Wakazihamisha mashine zao katika gari la kukokotwa na nyumbu, wakapiga kambi karibu na mti wenye kiota. Mwezi wa April wakanasa mlio wake. Si mlio mzuri. Ni kama kipembe cha bati cha mtoto kipulizwapo kwa pumzi fupi fupi, na katikati husikika akigonga gome.

Tanner alirudi peke yake mwaka 1937, akamtafuta ndege huyo misituni kwa muda wa miaka mitatu. Hesabu yake ilikuwa kwamba katika Marekani yote wamebaki kama ishirini na wachache tu. Kisha miti ya msitu ule ikauzwa, ikakatwa wakati wa vita. Mwezi wa April 1944 mchoraji Don Eckelberry alimwona jike mmoja peke yake katika masalio ya msitu. Baada ya huyo hapana aliyeonekana ambaye wataalamu wote wamemkubali. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba ameonekana Arkansas; wakatega mashine za kunasa sauti mwituni, wakalinganisha kila mlio na ule wa 1935, wala hawakupatana. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilipendekeza atangazwe kuwa amekwisha kabisa. Mwaka 2023, ilipowatangaza viumbe wengine 21, yeye aliachwa bila kukatiwa shauri. Amtafutaye hata leo hana kipimo kingine cha sauti yake ila ile iliyonaswa katika gari la nyumbu.

Neno moja zaidi juu ya kazi hiyo. Sauti ile imefaa kwa sababu waliandika: siku gani, mahali gani, ndege gani, kwa chombo gani, na nani alikuwapo. Kama ingalipatikana filamu tupu yenye mlio wa kipembe cha bati, na bila maandiko, ingalitupwa. Nani angalijua kwamba si mtoto achezaye?

Ludwig Koch, yule mtoto wa Frankfurt, alikuwa Myahudi, naye alikimbia Ujerumani akafika Uingereza mwaka 1936 akiwa mtu mzima. Mwaka huohuo, pamoja na Max Nicholson, akatoa kitabu chenye santuri za ndege wa porini. Alifanya kazi na gari lililojaa mashine za kuchora sahani, na waya mrefu kutoka garini hata kichakani, akingoja mapambazuko. Waingereza walioisikia sauti yake katika redio, yenye matamshi ya Kijerumani, walimpenda kama mzee wa nyumbani. Alifariki mwaka 1974.

Kwa ndege wa nchi zetu twamshukuru Myles North, aliyekuwa mkuu wa wilaya katika Kenya wakati wa Waingereza. Mwaka 1950 aliandika katika jarida la elimu ya ndege juu ya namna ya kuiandika milio yao kwa alama za muziki. Njia hiyo ni ya kale na yenye heshima, lakini naitingeli hakusomea sol-fa, na katikati ya noti mbili ndege hupitisha mambo mengi. Baadaye North akapata mashine ya utepe, ambayo huinasa sauti kwa unga wa chuma uliopakwa juu ya ukanda mwembamba; na mwaka 1958 Cornell wakatoa santuri yake ya sauti za ndege wa Afrika. Kwa hiyo ndege walionaswa na mtumishi wa serikali katika saa zake za mapumziko wamewekwa ghala moja na yule kigong'ota wa Louisiana.

Hata hapa msomaji ataona ya kuwa nimesimulia habari za ndege tu. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Waliotoka nje walimfuata ndege kwa uzuri wake au kwa uhaba wake, na kelele za watu wakaziona ni takataka za kuepukwa. Waliamka alfajiri ili wasisikie magari. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika ya Mashariki mwaka 1950 na 1952 akinasa nyimbo, alituhifadhia hazina isiyokadirika. Lakini katika kazi ya namna hiyo mchi na kinu huingia kwa sababu ya wimbo unaoimbwa juu yake. Kinu kisicho na wimbo, jioni, nyumba ya tatu kutoka hapa, nani alikifuata?

Alikuwako mtu aliyezifuata sauti za namna hiyo, naye alikuwa mkazi wa New York. Tony Schwartz alizaliwa mwaka 1923, na tangu ujana wake alipatwa na hofu ya mahali palipo wazi na pa mbali, hata hakupenda kutoka katika mtaa wake. Badala ya kusikitika, aliufanya mtaa kuwa shamba lake. Alijitengenezea mashine ya utepe ya kuchukuliwa begani, na maikrofoni akaifunga kifundoni mwa mkono, akatembea nayo kama mtu aendaye sokoni. Mwaka 1954 kampuni ya Folkways ilitoa santuri yake iitwayo “New York 19”. Namba hiyo ni ya mtaa wa posta alimokaa, na ndani ya mipaka yake alinasa watoto wakiruka kamba, wapigaji wa muziki wa njiani, wauzaji wakitangaza bidhaa, na lugha za wageni waliohamia mjini. Mwaka uliofuata alitoa santuri nyingine juu ya watu wa Puerto Rico waliokuja kukaa karibu naye. Alimnasa pia binti wa ndugu yake tangu kilio cha kuzaliwa, mara kwa mara kwa miaka, kisha akaunganisha vipande hivyo: kwa muda wa dakika mbili au tatu msikilizaji humsikia mtoto akikua hata kufika umri wa miaka kumi na miwili. Naona hakuna picha iwezayo kufanya hivyo. Mwaka 2007 kanda zake zote zilichukuliwa na maktaba ya taifa ya Marekani huko Washington, naye akafariki mwaka uliofuata.

Wa mwisho nitakaowataja ni watu wa Kanada. Mtunzi wa muziki R. Murray Schafer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser walianza kwa kunasa sauti za mji wao wa Vancouver, wakatoa santuri mwaka 1973. Mwaka 1975 wakaenda Ulaya, wakakaa katika vijiji vitano: Skruv huko Uswidi, Bissingen Ujerumani, Cembra Italia, Lesconil Ufaransa, na Dollar Uskoti. Hawakunasa tu, bali walihesabu magari yapitayo, wakapima kengele ya kanisa husikilika hata wapi, wakawauliza wazee sauti zipi zimepotea. Lesconil ni kijiji cha wavuvi, na wenyeji walijua saa kwa sauti zilizoletwa na upepo: asubuhi za upande wa bara, na mchana, upepo ukiisha kugeuka, zile za baharini. Mtu wa pwani yetu hatahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Mwaka 2000 wataalamu wa Ufini walirudi katika vijiji vilevile, wakawauliza watu na kusikiliza upya, na kitabu chao kikatoka mwaka 2009. Kwa kuwa wa kwanza waliandika mahali waliposimama, wa pili waliweza kusimama papo hapo.

Basi sisi je? Leo karibu kila mwalimu ana simu iwezayo kunasa sauti, wala hahitaji nyumbu. Lakini lazima ajue tabia ya chombo chake. Simu imetengenezwa ili ichukue maneno ya msemaji na kufuta makelele yaliyo nyuma yake, nayo huhesabu kunguru, mvua na kinu kuwa makelele. Hivyo imerudia hukumu ileile ya pembe ya Weule, kwa werevu zaidi. Ziko programu zinazoondoa uchujaji huo, na mashine ndogo zilizofanywa kwa kazi hii ni bora zaidi. Upepo ukiipiga maikrofoni hutoa kishindo kama ngoma iliyopasuka, kwa hiyo wenye kazi huivika kitambaa chenye manyoya, au husimama nyuma ya ukuta. Mnasaji asiishike mkononi, maana kila kidole kikisogea husikika. Atulie kimya dakika kumi, hata ndege na watoto wamsahau. Na kabla hajaondoka aseme kwa sauti yake mwenyewe, hapohapo: leo ni tarehe fulani, saa fulani, mahali fulani, hali ya hewa hivi, na sauti zilizosikika ni hizi, kwa majina yanayotumiwa na wenyeji. Majina hayo ndiyo sehemu yetu hasa sisi tusomao lugha. Mgeni mwenye chombo bora kuliko chetu hataweza kuyasema.

Iko na mipaka. Ndege haombwi ruhusa, bali jirani ni lazima aombwe. Kilio cha msiba si cha kutegewa maikrofoni dirishani. Na mambo ya jando na unyago yana wenyewe. Yanayoimbwa humo hayakuimbwa kwa ajili ya sikio la nje, na mwalimu atakayeyanasa kwa siri, hata kwa nia ya elimu, atakuwa ameiba. Wala asidhani kwamba kuomba ruhusa huharibu sauti. Schwartz alizungumza na watu wake, akawafahamu, ndiyo maana walizoea kumwona na mkono wake wenye maikrofoni.

Huku kwetu Bonde, chini ya milima ya Usambara, niliwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kukaa kimya robo saa nje ya shule, kisha kuandika walichosikia. Wengi waliandika pikipiki, redio na kinu cha mashine cha kusagia. Mmoja aliandika hondohondo, si mlio wake, bali mvumo wa mbawa zake alipopita juu. Hapana aliyeandika mchi wa kutwangia, na nilipowauliza, watatu walisema nyumbani kwao upo, hutumika siku nyingine kwa kisamvu. Wazee wa mtaa walinipa orodha nyingine: king'ora cha korona ya mkonge kilichoamsha watu alfajiri, mbiu ya pembe, kipande cha reli kilichotundikwa mwembeni kuwa kengele ya shule, na watu kuamkiana kwa ukelele kutoka kilima hata kilima, wakivuta silabi ya mwisho hata ijibiwe. Kipande cha reli kingaliko, kina kutu, na hugongwa siku ambazo umeme umekatika. King'ora hakipo tena. Wa kuitana vilimani wamebaki wazee wawili, mmoja upande huu wa bonde na mwenziwe upande wa pili. Wamekubali kuitana siku ya Jumamosi, upepo ukiwa mdogo, kabla ya saa moja asubuhi, wakati pikipiki hazijaanza.